Roboti au kifyonza vumbi cha kawaida? Ipime sakafu kabla ya kufungua kibeti

CHEMA chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Laiti wangalijua kuwa ingekuja siku ambapo mashine ingejitembeza yenyewe sakafuni ikifyonza vumbi huku mwenye nyumba yuko kazini, pengine wangaliitafakari upya methali hiyo.

Roboti za kufyonza vumbi, ambazo zamani zilionekana tu katika filamu za ng'ambo, siku hizi zinapatikana katika maduka ya vifaa vya umeme mijini na pia katika maduka ya mtandaoni. Kando yake zimepangwa mashine za kawaida, zile zenye bomba na waya mrefu, ambazo hazipigi hata hatua moja bila ya kuvutwa na binadamu.

Kwa familia iliyodunduliza akiba miezi kadhaa, au iliyoshauriwa na daktari kupunguza vumbi nyumbani kwa ajili ya mtoto anayeugua pumu, kuchagua baina ya hizi mbili si jambo la mzaha. Anayekosea hupoteza fedha, na vumbi husalia palepale.

Kimsingi, tofauti kubwa ni moja. Mashine ya kawaida huisafisha nyumba iliyochafuka, ilhali roboti huitunza nyumba ambayo tayari ni safi. Majuto mengi huzaliwa pale mnunuzi anapoitarajia ya pili ifanye kazi ya ile ya kwanza.

Kutoka farasi hadi roboti

Mmoja wa waanzilishi wa chombo hiki ni mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, aliyeunda mtambo wake wa kufyonza vumbi mwaka 1901. Ulikuwa mkubwa kiasi cha kukokotwa na farasi. Uliegeshwa nje ya nyumba ya mteja, kisha mipira mirefu ikapitishwa madirishani hadi ndani.

Miaka michache baadaye, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, James Murray Spangler, msafishaji wa duka aliyekuwa akisumbuliwa na pumu, aliunganisha injini ya feni, mpini wa ufagio na foronya, akapata mashine ndogo ya kubebeka. Alipewa hataza mwaka 1908. Haki za uvumbuzi huo zilinunuliwa na William Hoover, ambaye jina lake ndilo Waingereza wengi huiitia mashine hiyo hadi leo.

Hivyo basi, kifyonza vumbi kilizaliwa kutokana na kifua cha mtu aliyechoshwa na vumbi la ufagio. Hilo ni jambo la kukumbukwa na yeyote anayedhani kuwa chombo hiki ni cha anasa tu.

Roboti zilifuata karibu karne moja baadaye. Kampuni ya Electrolux ya Uswidi iliuza yake, Trilobite, kuanzia mwaka 2001. Septemba 2002, kampuni ya iRobot ya Marekani ikazindua Roomba kwa bei ya dola 200 hivi. Hizo za awali zilizurura ovyo, zikigonga ukuta na kugeuka. Nyingi za sasa huchora ramani ya nyumba kwa miale ya leza au kwa kamera, kisha hupita mstari baada ya mstari mithili ya mkulima anayelima kwa jembe la ng'ombe.

Namba zinazowapumbaza wanunuzi

Mashine zote mbili hufanya kazi kwa njia ile ile. Feni huzunguka kwa kasi na kupunguza shinikizo la hewa ndani ya mashine, nayo hewa ya nje huingia kwa nguvu ikibeba uchafu. Uchafu hubakia katika mfuko au kikopo, na hewa hutokea upande wa pili kupitia kwenye chujio.

Wauzaji wa mashine za kawaida hupenda kutaja wati. Ni muhimu kuelewa kwamba wati ni kipimo cha umeme unaoliwa na mashine, wala si nguvu zake za kufyonza. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliweza kupiga marufuku mashine mpya za nyumbani zinazozidi wati 1,600 mwaka 2014, kisha ukashusha kiwango hicho hadi wati 900 mwaka 2017, na nyumba za huko hazikuzama katika vumbi. Mashine ya wati 800 iliyoundwa vyema yaweza kuishinda ya wati 2,000 iliyoundwa ovyo.

Wauzaji wa roboti nao hutaja paskali, yaani kipimo cha shinikizo. Namba hizo, ambazo huanzia elfu chache na siku hizi zimepita 20,000, aghalabu hupimwa tundu likiwa limezibwa. Hazielezi ni hewa kiasi gani hupita pale mashine inapotambaa juu ya zulia, ilhali ni hewa hiyo inayobeba mchanga. Haifai, basi, kuzilinganisha roboti na mashine za kawaida kwa kipimo hicho pekee.

Namba isiyotiliwa maanani ni ujazo. Kikopo cha roboti nyingi hubeba chini ya nusu lita ya uchafu. Mashine ya kawaida ya kuvuta hubeba lita mbili hadi nne, na zile za pipa, zinazofyonza vumbi na maji pia, hubeba lita 15 au zaidi. Kule ambako upepo huingiza vumbi jekundu kila alasiri, kikopo cha roboti hujaa kabla ya kazi kwisha, isipokuwa ile ambayo kituo chake cha kuchajia huifyonza na kuimwaga taka yenyewe. Roboti za aina hiyo ni ghali zaidi.

Sakafu ndiyo hakimu

Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi aiangalie sakafu yake. Nyumba yenye vigae, terazo au saruji laini, isiyo na vizingiti virefu, na ambamo vitu havitapakai chini, ni uwanja mwema wa roboti. Ikitumwa kila siku, haba na haba hujaza kibaba: unywele, makombo ya mkate na mchanga wa viatu huondolewa kabla havijalundikana. Kwa kuwa nyingi zina kimo cha sentimita 10 hivi au pungufu, hupenya chini ya kitanda na kochi, mahali ambapo ufagio haufiki kwa urahisi.

Mambo hubadilika palipo na zulia nene la manyoya marefu. Roboti hufyonza kilicho juu tu, na mchanga uliozama hubakia ukilikata zulia nyuzi kwa nyuzi. Hapo hutakiwa mashine ya kawaida yenye burashi inayozunguka, ipitishwe polepole mara kadhaa. Zulia lenye matamvua nalo huweza kuinasa roboti, sawia na waya za chaja, leso iliyoangushwa chini na soksi za watoto.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalitaji. Nyumba yenye wanawake na wasichana wanaosukwa nywele hudondosha nyuzi ndefu za nywele bandia. Nyuzi hizo hujiviringisha kwenye burashi na magurudumu hadi roboti ikwame. Mwenye nyumba hana budi kuipindua kila wiki na kuzikata kwa makasi.

Vizingiti pia vipimwe kwa rula. Roboti nyingi hupanda kimo cha sentimita mbili tu. Nyumba za ghorofa huwa na tatizo la ziada, kwani roboti za kawaida hazipandi ngazi. Hazianguki, maana zina vihisi vya kutambua ukingo, lakini mtu hulazimika kuzibeba kutoka ghorofa hadi ghorofa. Vihisi hivyo hivyo vyaweza kulidhania zulia jeusi kuwa shimo, roboti ikakataa kulikanyaga.

Aidha, zipo kazi ambazo roboti haiziwezi kabisa. Haisafishi makochi, godoro, mapazia, viti vya gari wala utando wa buibui darini. Uji ukimwagika, roboti isiyoweza kuutambua huupitia na kuusambaza nyumba nzima. Hata zile zenye kitambaa cha kupanguza hulainisha tu vumbi jepesi. Matope ya msimu wa mvua bado yanahitaji kupigwa deki.

Mashine ya kawaida nayo ina miiko yake. Isiyoundwa kufyonza maji isipewe maji, kwani injini huungua na mtumiaji huweza kurushwa na umeme. Majivu ya jiko la makaa yasifyonzwe, hata yakionekana yamepoa, kwa sababu kaa dogo lililofichika huweza kuuwasha moto mfuko wa vumbi. Vumbi la saruji baada ya ujenzi nalo huziba chujio upesi.

Nyumba yenye mgonjwa wa pumu

Hapa ndipo uamuzi unapohitaji uangalifu zaidi. Miongoni mwa vitu vinavyochochea pumu na mzio ni kinyesi cha wadudu wadogo mno wa vumbi, wasioonekana kwa macho, ambao hula chembechembe za ngozi ya binadamu. Hustawi penye joto na unyevu, hali inayopatikana kwa wingi katika ukanda wa Pwani, na makao yao makuu ni godoro, mito, makochi na mazulia.

Ukiondoa mazulia, hayo yote ni mahali ambapo roboti haifiki. Familia inayonunua roboti pekee kwa ajili ya mtoto mwenye pumu itakuwa imesafisha sakafu na kumwacha mtoto alale juu ya chanzo cha maradhi. Mashine ya kawaida yenye kichwa kidogo cha kusafishia godoro ndiyo inayofaa kutangulia.

Hata hivyo, mashine yoyote isiyo na chujio bora huweza kudhuru badala ya kufaa, kwa kuwa hutoa vumbi laini kwa nyuma na kulitawanya hewani. Chujio la kiwango cha HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3. Mnunuzi ajihadhari na maandishi yanayodai kuwa chujio ni la "aina ya HEPA" au "mfano wa HEPA", kwani hayo si hakikisho la kiwango hicho. Vilevile, mwili wa mashine unapaswa kuwa umezibwa vyema ili hewa isitoroke kabla ya kufika kwenye chujio.

Mgonjwa asikae chumbani wakati wa kufyonza, na kikopo kimwagwe nje ya nyumba na mtu asiye na pumu. Juu ya hayo, kufua mashuka kwa maji ya moto ya nyuzijoto 60 huwaua wadudu hao, na kuanika godoro juani, desturi ya tangu jadi, husaidia kuliondolea unyevu wanaoutegemea. Hakuna mashine inayochukua nafasi ya hatua hizo, wala ya dawa alizoandika daktari.

Hesabu ya stima

Wapo wanaoamini kuwa roboti hupunguza mno gharama ya umeme. Chukua mfano wa mashine ya kawaida ya wati 1,600 inayotumiwa nusu saa, mara nane kwa mwezi. Itakula uniti 6.4. Kwa makadirio ya Sh30 kwa uniti, hiyo ni Sh192.

Roboti ya ukubwa wa wastani ikichajiwa hutumia takriban uniti 0.1. Ikifanya kazi kila siku kwa siku 30, zitakuwa uniti 3. Lakini kituo chake cha kuchajia hukaa kwenye umeme usiku na mchana. Kikila wati 3 tu, mwisho wa mwezi kitakuwa kimekula uniti zipatazo 2.2. Jumla ni uniti 5.2, au Sh156. Tofauti ya Sh36 kwa mwezi haiwezi kuwa sababu ya kununua roboti.

Stima zikipotea, roboti yenye betri iliyojaa huendelea na kazi ilhali mashine ya waya huzima. Kwa upande mwingine, umeme unaporudi kwa kishindo huweza kuharibu kituo cha kuchajia, kwa hivyo ni busara kukiunganisha kupitia kifaa cha kinga kama kile kinachotumiwa kulinda runinga na friji.

Wanaotumiwa zawadi na jamaa walio Marekani wachunguze kibandiko cha nyuma. Umeme wa huko ni wa volti 120 ilhali wa Kenya ni wa volti 240. Mashine ya kawaida ya Marekani ikichomekwa hapa moja kwa moja huungua. Chaja za baadhi ya roboti hukubali volti 100 hadi 240, lakini hilo lisidhaniwe bali lisomwe.

Fundi, vipuri na maisha ya mashine

Kifyonza vumbi cha kawaida ni chombo chepesi kueleweka. Kikiharibika, kwa kawaida ni waya, swichi, mpira uliotoboka au brashi za kaboni za injini. Fundi hodari wa jua kali huweza kukifufua siku hiyo hiyo. Kikitunzwa, chaweza kudumu miaka kumi au zaidi.

Roboti ni tarakilishi yenye magurudumu. Betri yake huchoka kadiri inavyochajiwa, na baada ya miaka michache hulazimu kubadilishwa. Burashi za pembeni, machujio na vitambaa vyake pia huhitaji kununuliwa mara kwa mara. Kabla ya kulipa, mnunuzi amuulize muuzaji swali moja: betri ya roboti hii inauzwa wapi hapa nchini, na kwa bei gani? Asipopata jibu, afahamu kwamba mashine hiyo itakufa pamoja na betri yake ya kwanza.

Kuna hatari nyingine isiyozoeleka katika vyombo vya nyumbani. Roboti nyingi hutegemea programu ya simu na mitambo ya kampuni iliyo ng'ambo. Kampuni ya Neato ya Marekani ilifungwa mwaka 2023, na mwaka 2025 huduma za mtandaoni za roboti zake zikazimwa. Wateja walibakia na mashine nzima ambazo sasa huwashwa kwa kitufe tu. Hata iRobot, iliyoanzisha Roomba, iliomba kinga ya mufilisi Desemba 2025. Ni salama zaidi kuchagua roboti inayoweza kufanya kazi kwa kitufe hata bila intaneti.

Siri za nyumbani

Roboti yenye kamera huona sebule, vyumba vya kulala na hata msalani mlango ukiachwa wazi. Mnamo Desemba 2022, jarida la MIT Technology Review la Marekani lilifichua kuwa picha zilizonaswa na roboti za majaribio za iRobot, ikiwemo ya mwanamke aliyekuwa msalani, zilikuwa zimevuja na kuwekwa mtandaoni na wafanyakazi waliopewa kazi ya kuzikagua. Kampuni hiyo ilieleza kuwa roboti hizo hazikuwa za kuuzwa, na kwamba waliozitumia walikuwa wamekubali.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini sheria haizuii uzembe wa mwenye nyumba. Anayejali siri zake anaweza kuchagua roboti inayotumia leza badala ya kamera, abadilishe nywila, na aizuie kuingia vyumba vya kulala watu wakiwamo. Mashine ya kawaida haina masikio wala macho, na katika suala hili inashinda bila kupingwa.

Anayefagia aulizwe

Katika nyumba nyingi za mijini, anayeinama kufagia si aliye na pesa za kununua mashine. Ni mfanyakazi wa nyumbani, na ndiye anayevuta vumbi la kila asubuhi. Mara nyingi mashine hununuliwa bila yeye kuulizwa, kisha hufungiwa kabatini kwa hofu kwamba ataiharibu, naye huendelea na ufagio wake wa chelewa.

Huko ni kutupa pesa. Yeye ndiye ajuaye chumba kinachochafuka zaidi na zulia lisilotakata. Afunzwe kumwaga kikopo, kuosha chujio linaloruhusiwa kuoshwa na kuondoa nywele kwenye burashi. Isitoshe, asiyekuwa na mfanyakazi asidhani roboti itampikia au kumfulia. Kazi inayopungua ni ya kufagia tu, nayo ni sehemu ndogo ya shughuli za siku.

Uamuzi

Mwenye fedha za mashine moja pekee, na ambaye ana zulia nene, makochi ya kitambaa, watoto wachanga au mgonjwa wa pumu, heri achukue mashine ya kawaida yenye chujio bora. Anayeishi katika nyumba ya vigae isiyo na vizingiti, anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, na asiye na zulia kubwa, atafaidika na roboti. Mwenye uwezo wa kumiliki zote mbili aiachie roboti kazi ya kila siku, na ya kawaida aitoe kabatini mara moja kwa wiki.

Vyovyote iwavyo, mnunuzi ahakikishe yafuatayo kabla ya kulipa:

- Bidhaa ina alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).
- Dhamana imeandikwa, na inataja iwapo betri imejumuishwa.
- Mifuko, machujio na burashi vinapatikana humu nchini.
- Muuzaji yu tayari kuiwasha mashine dukani na kuonyesha inavyomwagwa na kuoshwa.

Anayekataa kuiwasha mashine mbele ya mteja anauza mbuzi kwenye gunia. Na kwa yule ambaye nyumba yake ni chumba kimoja cha saruji kisicho na zulia, ufagio, tambara lililoloweshwa maji na dirisha lililo wazi vyatosha. Tambara hilo halirushi vumbi hewani, halili stima, na halihitaji betri.